Ya Pili Ipo?

Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha video Ngamiani, Tanga, barabara ya 14, uani kwa nyumba ya urithi ambayo wenyewe walikuwa bado hawajaanza kuigombania. Kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi saba, na mbele jamvi la watoto. Televisheni ya inchi 21 ilikaa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, na juu yake deki ambayo mjomba aliifunika kitambaa cha darizi kama bibi harusi. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka 12. Nilikusanya kiingilio mlangoni, shilingi 50 mkubwa na 20 mtoto. Nilisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Na jioni niliandika kwa chaki, kwenye ubao uliotundikwa nje, picha itakayoonyeshwa usiku.

Mchana zilikuwa za Kihindi na za makareti. Za kutisha zilisubiri hadi watu watoke kuswali isha, kwa sababu mjomba aliamini, na sidhani kama alikosea, kwamba mtu aliyelipa ili aogope hataki kutoka nje akalikuta jua.

Mkanda uliotutisha kuliko yote ulikuwa nakala ya nakala ya nakala. Haukuwa na kava. Ubavuni palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu HALOWINI, lakini wateja waliiita ile ya kinyago cheupe. Mtafsiri wetu, ambaye mchana alihesabu marobota ya katani bandarini na Kiingereza chake alikiokota hukohuko, aliketi kando ya sanduku na maikrofoni iliyofungwa kwa plasta. Alitafsiri anachokisikia, na asichokisikia alikitunga, na mara nyingi alichokitunga kilikuwa kitamu zaidi.

Karibu na mwisho wa picha, yule msichana amezikuta maiti za rafiki zake. Anajiegemeza kwenye mlango, analia, amechoka. Nyuma yake kuna chumba chenye giza. Hapo ndipo mkanda wetu ulipoingia chenga. Sekunde kama 20 za chenga tupu, kioo kizima kinachemka kama uji, huku ule muziki wa piano ukiendelea chini kwa chini. Mtafsiri aliizima maikrofoni yake. Picha iliporudi, msichana alikuwa anapinduka juu ya ukingo wa ngazi, anaanguka.

Nini kilitoka kwenye kile chumba? Hakuna aliyejua. Mvuvi mmoja wa Deep Sea aliapa kwamba katikati ya chenga aliuona mdomo wa kinyago ukifunguka. Mwingine aliwaona wawili. Binamu yangu mdogo aliona mkono mrefu kama wa kaa. Watu walirudi usiku wa pili na wa tatu si kwa ajili ya picha bali kwa ajili ya zile chenga, wakinyoosha shingo kuelekea kioo kisichokuwa na kitu.

Mwaka uliofuata mjomba alipata mkanda safi kutoka Mombasa. Chenga zikaisha. Tukaona kilichokuwa kinatokea: kinyago cheupe kinajitokeza polepole gizani, nyuma ya bega la msichana, bila haraka na bila sauti. Ni picha hodari sana, hata leo nikiiona mwili hunisisimka. Lakini usiku ule, baada ya kimya kifupi, mtu mmoja benchi la nyuma alisema, "Ahaa, kumbe ndivyo." Na walipotoka nje niliwasikia wanazungumzia bei ya nazi.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mkanda wetu mbovu uliendeleza kazi ile ile aliyoifanya mwenye picha. John Carpenter aliitengeneza Halloween mwaka 1978 kwa takriban dola 325,000, fedha ambayo kwa Hollywood ni kama nauli ya daladala. Kinyago kile kilinunuliwa dukani kwa chini ya dola 2. Kilikuwa sura ya nahodha wa Star Trek, wakakipanua matundu ya macho na kukipaka rangi nyeupe. Hadithi inatokea Illinois majani yakipukutika, ilhali wao walikuwa California, msimu wa machipuko, miti imejaa kijani. Ikabidi wapake majani rangi ya ukavu, wayamwage barabarani, na wakimaliza kupiga wayaokote wayatie kwenye mifuko wayatumie tena. Muziki Carpenter aliutunga na kuupiga mwenyewe. Orodha ya waigizaji inamtaja muuaji, akiwa na kinyago chake, kwa neno moja tu: Umbo. Giza lipo kila mahali kwenye picha ile, na giza ni rahisi kuliko taa. Walichoshindwa kukigharamia walikificha, na kilichofichwa ndicho kilichotufanya tuzibe macho kwa vidole vilivyoachana.

Kwa hiyo nikiwasikia vijana wanasema filamu za kutisha za mwendelezo huharibika kwa sababu ya bajeti ndogo, huwa nakataa. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa maskini kuliko zote.

Ya pili ilitufikia. Wateja walikuwa wameshaniuliza mlangoni mara mia: ya pili ipo? Mjomba akaitafuta hadi akaipata. Ilitoka 1981. Carpenter hakuiongoza, ila aliiandika pamoja na Debra Hill, na baadaye alikiri hadharani kwamba aliiandika usiku akiwa na bia mezani, hajui aseme nini tena. Kisa kilikuwa kimekwisha. Akatafuta sababu ya yule mtu kumwandama yule msichana, na akapata hii: ni dada yake.

Nakumbuka jinsi mtafsiri alivyolipokea jambo hilo. Alinyamaza kidogo, akalisikiliza vizuri, kisha akasema kwenye maikrofoni kwa sauti ya mtu aliyekatishwa tamaa: "Jamani, kumbe ni ndugu. Tumbo moja." Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Mzee mmoja wa barabara ya 12 akapiga mkono benchi: "Si niliwaambia? Huyo anadai urithi!"

Biashara ya hofu ikaishia hapo. Kila mtu mle ndani alikuwa na kaka asiyesalimiana naye. Kila mtu alijua nyumba ambayo mmoja anashika mlango wa mbele na mwingine wa uani. Umbo lililotoka gizani bila sababu, likimwandama mtu ambaye hakulikosea chochote, hilo hatukuwa na dawa yake. Lakini kaka anayemwinda dada? Hilo lina wazee wake wa kikao, lina kadhi wake. Watu wakaanza kumshauri msichana kwa sauti namna ya kugawana.

Nikikumbuka kicheko kile hukumbuka pia kwamba ulikuwa ni msimu wa popobawa. Mwaka 1995 habari zake zilikuwa zimejaa Pemba na Unguja, na Tanga na Pemba ni ndugu wa mashua moja, kila jahazi lilishusha karafuu na habari mpya. Watu kule walikuwa wanalala nje makundi kwa makundi, wameota moto, kwa kuogopa kulala peke yao vyumbani. Hakuna aliyekuwa na picha yake. Jina lenyewe ni bawa la popo tu, kivuli cha kitu kinachopita. Mmoja alisema kinanuka, mwingine alisema kina jicho moja. Mwaka 2007, nikiwa nimeshahamia Dar es Salaam, popobawa alirudi, safari hii mjini, na watu wazima wenye simu za mkononi walitoa magodoro nje. Tuseme ilikuwa sehemu ya pili au ya tatu yake, maana wazee wa Pemba wanamkumbuka tangu zamani zaidi. Ilifanya kazi sawasawa. Hakuna aliyekuwa ameketi mahali na bia akatafuta dada wa popobawa.

Sitaki kumlaumu Carpenter peke yake, kwani nilikuwepo mlangoni nikishika fedha. Mwaka 1982 yeye na Hill walijaribu kufanya jambo la heshima: Halloween ya tatu isiyokuwa na yule mtu kabisa, hadithi mpya yenye jina la zamani, kwa nia ya kutoa kisa tofauti kila mara. Watazamaji wa Marekani waliikataa. Ikafika 1988, namba nne, na mwenye kinyago akarudishwa, na kwenye ile ya 1995 wakaeleza kwamba anaendeshwa na laana ya kikundi cha wachawi chenye alama yake. Mwaka 2018 watengenezaji wengine walikuja wakaufuta udugu wote, wakamwacha tena asiyejulikana sababu yake. Imewachukua miaka 37 kurudisha kile ambacho bia za usiku mmoja zilikitoa.

Nasi Ngamiani tuliikataa ile ya tatu kama wao. Mjomba aliionyesha usiku mmoja tu. Ndani yake kuna vinyago, vya watoto, vya maboga na fuvu, lakini si chenyewe. Nusu ya picha haijafika, watu wamesimama. "Kinyago chetu kiko wapi?" Ilibidi nirudishe shilingi 50 kwa watu 31, wengine nikajua kabisa hawakulipa.

Kesho yake mjomba alinipa somo la ubao. Tulikuwa na mkanda wa Kiitaliano wa maiti waliofufuka, mzuri kwa kweli, ila jina lake halikumvuta mtu, na tulipouonyesha mara ya kwanza waliingia 14. "Andika SEHEMU YA PILI," aliniambia. Ya pili ya nini? "Wewe andika. Ya kwanza kila mtu atajua ni ipi." Nikaandika kwa herufi kubwa, nikapigia mstari. Waliingia 60 na kitu, wengine wakakaa chini na watoto. Hakuna aliyedai fedha. Mmoja alinishika mkono wakati wa kutoka akaniambia ya kwanza ilikuwa kali zaidi, na mpaka leo sijui aliiona wapi.

Nilidhani ule ujanja ni wa kwetu, wa barabara ya 14. Kumbe mjomba alikuwa shule moja na wakubwa. Italia kwenyewe, filamu ya George Romero ya maiti waliofufuka, Dawn of the Dead, ilionyeshwa kwa jina la Zombi, nayo filamu ya Lucio Fulci ya 1979 ikapewa jina la Zombi 2 ingawa visa vyao havijuani. Troll 2 ya 1990 haina dude hata moja la jina hilo. Ilitengenezwa kama hadithi ya vijibwengo vingine kabisa, ikabandikwa namba ili ifuate nyayo za ile ya kwanza. Hata Friday the 13th, mama wa mikanda yote ya namba, ilianza kwa tangazo: mwaka 1979 Sean Cunningham alilipia ukurasa katika gazeti la Variety kutangaza jina la filamu ambayo skripti yake ilikuwa bado haijakamilika. Alikuwa na jina zuri na wasiwasi kwamba mtu mwingine analo.

Hiyo ya Jason ilitufikia vurugu. Tuliiona ya nane kwanza, ikafuata ya sita, tena ya tatu, kisha ya pili, na ya kwanza ikaja mwisho. Kwa hiyo watu wa Ngamiani walimjua Jason na barakoa yake ya magongo kwa miezi mingi kabla ya kugundua kwamba kwenye filamu ya kwanza muuaji ni mama yake, na kwamba barakoa yenyewe haikuwepo mpaka ya tatu, ya 1982. Kwenye ya pili alivaa gunia. Kutazama kinyumenyume hivyo kuna faida yake. Mtu aliyeanza na ya kwanza huona picha zinazidi kupwaya. Sisi tuliona kila mkanda uliofuata ukipungukiwa na kitu: kwanza zikatoweka nguvu za kufufuka kwa radi, ikatoweka barakoa, mwisho akatoweka Jason mwenyewe, akabaki mama mwenye uchungu wa mwanawe aliyezama ziwani huku vijana waliowekwa wamwangalie wakiwa na shughuli zao. Kibanda kilikaa kimya. Kina mama wawili waliokuwa nyuma, walioingia kwa bahati, walisema maskini. Katika picha zote za Jason nilizozionyesha, hiyo ndiyo mara pekee mtu aliposema maskini.

Ya nane, ya 1989, inaahidi kwenye jina lake kwamba Jason anaingia Manhattan. Sehemu kubwa ya picha wako melini. Sehemu nzuri ya huo mji wa New York ilipigwa Vancouver, Kanada, maana kule ni rahisi, na mtazamaji hupata mitaa michache ya kweli mwishoni kama nyama kwenye pilau ya msiba. Walipochoka kabisa wakampeleka angani, kwenye Jason X. Angani! Na hakuwa wa kwanza kufika huko. Hellraiser ilishapanda mwaka 1996, na yule zimwi mdogo wa dhahabu wa Leprechaun naye akapanda kwenye ya nne yake. Nikiwa kijana niliweka kanuni yangu, ambayo bado sijaona sababu ya kuibadili: jini likipelekwa angani ujue duniani hakuna aliyebaki wa kumtisha.

Soko la mikanda ndilo lililowasukuma. Maduka ya kukodisha video ya Marekani yalikuwa na rafu ndefu na wateja wa Ijumaa jioni wanaochagua kwa macho. Jina linalojulikana hujiuza lenyewe, halihitaji mwigizaji maarufu wala tangazo la televisheni. Filamu ikawa haipiti tena sinema, inakwenda moja kwa moja rafuni, gharama ikapunguzwa kila namba ilipoongezeka. Children of the Corn, iliyotokana na hadithi fupi ya Stephen King, ilizaa watoto wengi kuliko mahindi ya shambani mwake. Kibanda chetu kilikuwa mwisho wa mkia wa soko hilo, mahali mikanda ilikofika ikiwa imeshachoshwa na kila mtu.

Kilele cha jambo lenyewe, kwangu mimi, ni Hellraiser ya 2011, ile inayoitwa Revelations. Clive Barker alikuwa ameiandika na kuiongoza ya kwanza mwaka 1987 kwa fedha kidogo, filamu chafu, ya huzuni, yenye akili, juu ya tamaa na kijisanduku cha mafumbo. Miaka mingi baadaye kampuni yenye haki ilikuwa karibu kuzipoteza endapo isingetengeneza nyingine kwa wakati. Ikatengeneza. Wiki chache, dola laki kadhaa, na Doug Bradley, aliyemwigiza yule mwenye misumari kichwani katika zote nane zilizotangulia, akakataa kushiriki. Barker aliikana mbele ya dunia kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika ukurasa unaosomwa na mama yangu. Filamu ile ilitengenezwa ili karatasi fulani kwenye droo ya mwanasheria isipitwe na tarehe, na kuwa na watazamaji ilikuwa ziada.

Ipo nyingine inayonizuia nisiseme kwamba kila ya pili ni mbovu. Sam Raimi alikuwa kijana mdogo alipotengeneza The Evil Dead kwenye kijumba kibovu cha Tennessee, kwa dola zisizofika laki 4, ikaonyeshwa mara ya kwanza 1981. Mwaka 1987 akairudia: kijumba kingine, mwigizaji yule yule, fedha zaidi, na safari hii mkono wa stelingi mwenyewe unamgeuka, anaukata, unamkimbia, unamcheka. Raimi alishajua kwamba hawezi kututisha mara mbili kwa mlango ule ule, akatuchekesha na kututisha kwa pamoja. Tuliuchakaza mkanda ule mpaka deki ikaula.

Kibanda kilifungwa 1999. Ndugu walifika mahakamani kuhusu ile nyumba, na mjomba, aliyekuwa mtoto wa mke mdogo, akapewa siku 30 aondoe mabati yake. Mzee wa barabara ya 12 alikuja kusaidia kubeba mabenchi. Hakutania.

Mimi nilikwenda Dar. Kufikia 2009 nilikuwa naandika skripti. Filamu za Kibongo zilikuwa moto, diski zinatoka Kariakoo kwa katoni. Mussa Banzi alikuwa ameshatutisha kwa Nsyuka na Shumileta, na desturi ya kukata hadithi vipande viwili na kuviuza mbalimbali ilikuwa imeshakomaa. Tuliipokea kutoka Nigeria, ambako Living in Bondage ya 1992, iliyouzwa kwenye mikanda ya VHS bila kupita sinema, ilifuatiwa na ya pili mwaka uliofuata. Mteja ananunua ya kwanza, inakatika msichana ameshika kitasa. Akitaka kujua, arudi na fedha nyingine.

Skripti yangu ya kwanza ya kutisha ilihusu nyumba ya kupanga Magomeni. Kuna chumba cha uani mwenye nyumba hakipangishi. Kila usiku wapangaji wanasikia ndani yake mtu anafagia. Ni hivyo tu. Prodyuza alikuwa na kamera moja, taa mbili, na siku tano. Hatukuwa na fedha ya kumpamba jini, na nilimwambia afadhali, tusiufungue mlango. Sauti tuliirekodi usiku wa manane, mimi mwenyewe nimeshika ufagio wa chelewa kwenye sakafu ya saruji, polepole, kutoka ukutani hadi mlangoni, kisha natulia, kisha naanza tena kutoka ukutani. Nilipoisikiliza asubuhi nilijiogopa. Filamu iliuza. Watu walinisimamisha Kariakoo wakaniuliza nini kilikuwa kinafagia, nikawa nacheka.

Na mmoja akaniuliza: ya pili ipo?

Msambazaji aliniita ofisini. Mezani palikuwa na kava, limeshachapwa, katoni nzima. Jina letu, namba 2 nyekundu inayodondosha damu, na katikati, mlango wa chumba cha uani ukiwa wazi na sura ndani yake: uso mweupe wa unga, wanja, macho mekundu.

"Huyu nani?" nikamuuliza.

"Si ndiye aliyekuwa anafagia?"

"Kaka, hatukumwonyesha."

"Ndiyo maana watu wanataka kumwona. Wewe andika, ilingane na kava. Laki 3, nusu leo."

Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili. Niliandika usiku tatu. Nilikaa mbele ya karatasi nikitafuta yule mwenye ufagio ni nani, na kila jibu nililolipata lilikuwa dogo kuliko sauti yake. Usiku wa tatu, karibu na alfajiri, nikaandika kwamba ni mke wa kwanza wa mwenye nyumba, aliuawa na wakwe zake kwa sababu ya kiwanja. Nikaweka kalamu chini. Nikamsikia kabisa yule mzee akipiga mkono benchi.

Ilipigwa siku tatu. Jini alikuwa kijana mmoja mwenye adabu sana, lenzi za macho zikamwasha, akawa anaomba msamaha kila anapokatiza kupiga ili ajifute machozi. Nilipewa nusu iliyobaki kwa vipande, kipande cha mwisho sijakiona.

Mwaka 2013 nilipanda basi la asubuhi kwenda Tanga kwenye msiba wa mjomba. Tulipoipita Chalinze kondakta aliweka picha, na kabla ya jina kutokea niliujua ule ukuta. Nilizama kwenye kiti. Kando yangu alikuwa mama wa makamo mwenye kapu, anakwenda Kabuku, alinikaribisha karanga na kutazama kwa makini dakika zote za mwanzo, wakati mlango bado umefungwa. Ufagio ulipoanza aliacha kutafuna. Ilikuwa sauti ile ile, wameihamisha kutoka ya kwanza. Kisha mlango ukafunguka, kijana wa unga akatoka, mwenye nyumba akapiga magoti akaanza kueleza habari za kiwanja.

"Aa," mama akasema, "kumbe mkewe." Akaufunga mfuko wa karanga, akaegemea dirisha, akalala mpaka kwake.

Tulisimama Segera kula. Tuliporudi kioo kilikuwa kimeganda kwenye uso wa jini, mdomo nusu. Kijana mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti: "Konda, tuwekee ya kwanza bwana, hii haieleweki!"

Kondakta alipekua kwenye kifuko chake cha diski. "Ya kwanza imekwaruzika, haisomi. Ninayo ya tatu."

Nilijua ziko mbili. Nilimwomba anionyeshe. Alinipitishia kava juu ya vichwa vya watu. Lilikuwa jina langu la filamu, mlango wangu, na nyuma yake safari hii majini watatu, mmoja ameshika bunduki. Niligeuza nyuma nikasoma majina yote mpaka la dereva wa gari la vifaa. Langu halikuwepo. Bado Muheza, bado Pongwe, zaidi ya saa nzima ya njia.

"Niiweke, kaka?" kondakta akaniuliza, mkono ameunyoosha.

Nikamrudishia diski. "Weka," nikamwambia.